Mzee yuko hai, na tayari tunagombania kaburi lake

Kwa washauri wa safu,

Mimi ni kitinda mimba wa nyumba ya pili, nina miaka 38, naishi na wazazi wangu Njoro, Kaunti ya Nakuru. Baba ana miaka 81. Moyo wake umedhoofika. Mwaka huu amelazwa mara tatu, maji yakijaa miguuni na kwenye mapafu, yakipunguzwa anarudishwa nyumbani. Akili zake ni timamu kabisa. Anasoma gazeti kila siku na hunisahihisha nikikosea hesabu ya maziwa.

Mara ya mwisho alipolazwa, binamu yetu alifungua kikundi cha WhatsApp akakiita "Maandalizi ya Mazishi ya Mzee". Alichota namba zote kutoka kikundi cha familia akaziingiza humo, ya baba ikiwemo. Baba akawa anasoma kimya kimya kitandani watu wakibishana kuhusu idadi ya mafahali, rangi ya sare na nani atasoma wasifu wake. Siku ya tatu akaandika: "Bado nipo. Fahali mmoja anatosha." Watu wakaanza kutoka kikundini mmoja mmoja bila kusema neno. Tayari pesa zilikuwa zimechangwa, zaidi ya elfu sitini, na ziko kwenye simu ya binamu.

Aliporudi nyumbani, baba alifanya mambo mawili. Aliagiza jeneza la mberoshi kwa fundi wa sokoni, likaletwa na pikapu mchana kweupe, majirani wakitazama. Sasa liko stoo juu ya magunia ya mahindi. Mama haingii stoo tena. Anasema hajawahi kuona mtu akinunuliwa jeneza huku anakunywa chai. Kisha baba alituita mimi na mama akatuambia: azikwe hapa Njoro karibu na mparachichi alioupanda mwenyewe, azikwe kabla siku tatu hazijaisha, na watu wasilishwe kwa pesa za mkopo.

Shida ni Vihiga. Ndiko alikozaliwa, na mke wake wa kwanza aliyefariki 1979 amezikwa huko. Kaka yetu mkubwa, wa nyumba ya kwanza, pamoja na baba wadogo wawili wanasema lazima mzee alale kando ya mama huyo. Lakini kipande chake cha huko baba alimwuzia mdogo wake zamani, na leo ni migomba na majani chai. Baba mdogo amesema wazi, "Hata aandike kurasa kumi, maiti haisomi. Sisi ndio tutasoma." Dada yangu naye yuko Doha kikazi, analia kwenye simu kwamba siku tatu hazitamtosha kufika.

Nauliza: karatasi ina nguvu gani? Siku tatu zinawezekana kweli? Jeneza nilifanyeje? Na zile pesa? Tena, je, ni utovu wa adabu mtoto wa kike kuketi na baba yake kumwuliza habari za kifo chake?

Kitinda Mimba, Njoro

*

Mpendwa Kitinda Mimba,

Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa yale mzee aliyoyasoma akiwa wadini. Mna jambo moja ambalo familia nyingi hufika mahakamani zikiwa zimeshalikosa: mwenyewe yupo, anasema, na akili zake ziko sawa. Karibu kila tutakalokuambia linategemea hilo, kwa hiyo yafanyeni wiki hii.

Tuanze na karatasi. Kwa sheria ya Kenya maiti si mali. Mzee anaweza kurithisha shamba na ng'ombe, lakini mwili wake hawezi kuurithisha, na alichoandika kuhusu kaburi hakiifungi mahakama. Hata hivyo, majaji wamesema kwa miaka mingi kwamba matakwa ya marehemu yafuatwe kadiri inavyowezekana, mradi hayapingani na mila zake wala sheria. Hapo kwenye mila ndipo baba yako mdogo atakaposhikilia.

Kesi ambayo kila wakili wa Kenya huanza nayo ni ya S.M. Otieno. Alikuwa wakili mashuhuri wa Nairobi, akafariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa Upper Matasia, karibu na Ngong, walikokuwa na shamba. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Mahakama Kuu ikaamua, Mahakama ya Rufani ikaamua, na mwili ukakaa mochari Nairobi hadi ulipozikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kifo. Mjane hakuhudhuria. Otieno alikuwa mwanasheria, mtu wa maandishi maisha yake yote, lakini matakwa yake ya kaburi yalifika kortini kwa vinywa vya mashahidi: hawa wakasema aliwaambia hivi, wale wakasema aliwaambia vile. Ndiyo sababu tunakuhimiza karatasi hata kama haimfungi jaji. Inaziba mlango wa "mzee aliniambia mimi kivyangu".

Sheria imesogea tangu hapo. Katiba ya 2010 inasema mila inayokinzana nayo ni batili (ibara ya 2), na kwamba mume na mke wana haki sawa katika ndoa na hata inapovunjika (ibara ya 45). Mahakama siku hizi huuliza marehemu aliishi na nani, nani alimuuguza, na nani aliye karibu naye zaidi kisheria. Kwa maelezo yako huyo ni mama. Lakini je, ana cheti cha ndoa? Kama walioana kwa mila na hawakuandikisha, Sheria ya Ndoa ya 2014 inaruhusu ndoa ya kimila isajiliwe, na wote wawili hutakiwa kufika mbele ya msajili. Mpelekeni mzee siku miguu imepungua kuvimba. Hati hiyo itamsaidia mama kuliko kitu kingine chochote ikiwa mtu atakimbilia kortini kuzuia mazishi, maana hoja ya kwanza kutupwa mezani huwa ni "yule hakuwa mke".

Sasa uandishi wenyewe. Usiyatie matakwa ya mazishi ndani ya wosia peke yake. Kwa desturi zetu wosia hufunguliwa baada ya kuzika, na familia nyingi husoma mahali mzee alipotaka alazwe wakati udongo umesharudishwa. Ziwe karatasi mbili: wosia wa mali kivyake, na ukurasa mmoja wa mazishi kivyake. Ukurasa huo auandike kwa mkono wake kama bado unashika kalamu vizuri, kwa lugha anayoiota, akiweka jina kamili, namba ya kitambulisho, tarehe na sahihi. Aeleze sababu. "Nizikwe Njoro" ni amri, na amri ya mtu asiyekuwepo hupuuzwa. "Nizikwe Njoro kwa sababu kipande changu cha Vihiga nilimwuzia ndugu yangu mwaka fulani, na sitaki kaburi langu liwe mgogoro kwenye shamba la watoto wake" ni hoja ambayo hata mpinzani atalazimika kuijibu.

Mashahidi wasipungue wawili, nasi tungetaka wanne. Mmoja lazima atoke Vihiga. Mchungaji ni mzuri, naibu wa chifu ni mzuri, jirani wa umri wake ni mzuri. Wewe na mama msiwe mashahidi, kwa kuwa mtasemwa kwamba mlimwandikia. Mwombeni daktari wake, wiki hiyohiyo, barua fupi ya kusema mgonjwa anajielewa na anafanya uamuzi mwenyewe. Mtu aliyelazwa mara tatu kwa mwaka husemwa kwa urahisi kwamba alikuwa amechanganywa na dawa. Halafu mrekodini kwa simu, dakika tatu zinatosha: ataje tarehe, mahali, waliopo chumbani, kisha matakwa yake, na amtaje kwa jina na kwa upole yule anayejua atapinga. Nakala tano za karatasi: mama, kaka mkubwa, mchungaji, wakili au wasii, na moja kwenye bahasha ya hospitali ambayo tutaieleza.

Umesoma vizuri, tumesema kaka mkubwa apewe nakala. Matakwa ya mzee ni matatu: mahali, siku, na gharama. Siku na gharama familia nyingi hukubali. Jenerali Francis Ogolla, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, alifariki katika ajali ya helikopta Alhamisi tarehe 18 Aprili 2024, na Jumapili tarehe 21 alikuwa ameshazikwa, bila jeneza, kama alivyotaka. Hayo yalifanyika Siaya, kaunti ileile alikozikwa Otieno baada ya miezi mitano ya kesi. Kilichoweza kulifanya liwe rahisi ni kwamba mke na watoto walijua mapema wakazungumza kwa sauti moja, na pia kwamba alizikwa nyumbani kwao, kwa hiyo ukoo haukuwa na kaburi la kugombania. Ninyi mnaligombania. Mahali ndipo patakapochoma, na ufunguo wake si baba wadogo wenye maneno makali. Ni kaka yenu.

Fikiria upande wake. Mama yake amelala peke yake Vihiga tangu 1979. Mzee akizikwa Njoro, kwake ni kama baba amechagua nyumba ya pili mara ya mwisho kabisa, mbele ya watu. Hilo ni jeraha la kweli, na halitibiwi na wakili. Mzee amwite mwenyewe, wawili tu, kabla ya karatasi kuandikwa. Asianze na kaburi. Aanze na mama yake: ni lini kaburi lile lilijengewa, linahitaji nini, nani analipalilia. Kuna familia ambazo zimepita hapa kwa kukubaliana mambo ya wazi: kaburi la mke wa kwanza lijengewe vizuri mzee angali hai na yeye ahudhurie ikiwa afya inaruhusu, ibada ya makumbusho ifanyike Vihiga ndani ya wiki chache baada ya mazishi, kaka akiwa mwenyeji wake, na siku ya Njoro yeye ndiye atupe udongo wa kwanza na kuzungumza kwa niaba ya watoto wote. Yaandikwe kwenye ukurasa uleule, naye atie sahihi. Akishatia sahihi, baba wadogo hawana mtoto wa kumtanguliza mbele.

Akikataa, nendeni kwa wazee wa kanisa au wa ukoo mapema, na wekeni kumbukumbu ya kikao. Katiba yenyewe (ibara ya 159) inazitaka mahakama zihimize upatanisho, pamoja na njia za jadi, kwa hiyo kumbukumbu hiyo hainyauki kesi ikifika. Mkumbushane na gharama: amri ya kuzuia mazishi ikitolewa, mochari haitoi mwili, na ada ya kila siku inaendelea kuhesabiwa hadi uamuzi. Mtu asiyelipa ada hiyo mara nyingi ndiye mwenye msimamo mkali, basi ulizeni mapema na kwa adabu nani atailipa.

Kuhusu ardhi, hakikisheni mambo mawili. Fanyeni upekuzi rasmi wa shamba la Njoro kuthibitisha kwamba hatimiliki ni ya mzee. Kisha angalieni kama kile kipande cha Vihiga kilihamishwa kisheria kwa mdogo wake au kilibaki makubaliano ya mdomo, kwa sababu kama hati bado ina jina la mzee, mna mgogoro wa pili unaowangoja nyuma ya huu. Kumzika mtu kwenye ardhi ya mwingine huishia kwa maombi ya kufukua, na kufukua mwili kunahitaji kibali cha serikali au amri ya mahakama. Hakuna familia inayotoka salama huko.

Mparachichi ni mzuri, ila msichimbe chini ya matawi yake. Mizizi mikubwa inasumbua jembe na ukiikata sana mti unaweza kufa mwaka unaofuata. Sogeeni nje ya kivuli chake, na kama kuna kisima, kaeni mbali nacho mita 30 au zaidi. Mwulizeni aliyewachimbia choo mara ya mwisho alikutana na maji futi ngapi. Kaburi la futi sita mahali maji yapo futi tano litajaa usiku.

Siku tatu zinawezekana, lakini kwa maandalizi. Mwili ambao haujatiwa dawa hukaa vizuri siku hizo kwenye jokofu la mochari la nyuzijoto 2 hadi 4, kwa hiyo hata gharama ya fomalini mnaweza kuiepuka. Vinavyoharibu hesabu ni karatasi na siku za juma. Akifia hospitalini, hospitali yenyewe hujaza taarifa ya kifo, fomu D1, na kibali cha mazishi hutoka humo. Akifia nyumbani, fomu ni D2 kwa naibu wa chifu, na hapa wengi hukwama: mochari nyingi hazipokei mwili uliotoka nyumbani bila barua ya polisi, na polisi wakiona kifo kina maswali huagiza upasuaji wa maiti. Hapo siku mbili zimeyeyuka. Dawa yake ni ile bahasha. Wekeni ndani muhtasari wa karibuni wa kutoka hospitali, orodha ya dawa, barua ya daktari, namba ya simu ya naibu wa chifu (ile anayoipokea Jumamosi), nakala ya ukurasa wa mazishi, na nakala tano za kitambulisho. Kitambulisho chenyewe hutakiwa kurudishwa kifo kinapoandikishwa, na bila nakala mtasumbuka benki na kwenye mirathi.

Mzee pia akubali kulegeza kidogo. Tumeona matakwa magumu mno yakivunjwa yote kwa sababu moja lilishindikana. Aandike, kwa mfano, "ndani ya siku tatu, isizidi siku tano ikiwa mtoto wangu aliye ng'ambo yuko njiani au serikali imetaka uchunguzi." Dada yako wa Doha ajipange sasa: pasipoti isiwe karibu kuisha, nauli iwekwe kando, na azungumze na mwajiri mapema. Kama anafanya kazi za nyumbani, kanuni za Qatar za 2020 zinamtaka amwarifu mwajiri saa 72 kabla ya kuondoka, yaani siku tatu zilezile za mzee. Na ikiwezekana aje akiwa baba anaweza kumpokea. Nauli ni ileile.

Sasa jeneza. Mzee hajakosea kulinunua. Wangari Maathai naye aliacha maagizo kuhusu lake: hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, na mwaka 2011 mwili wake uliwekwa kwenye jeneza la mianzi, magugu-maji na mafunjo kabla ya kuchomwa. Kosa lenu ni stoo. Juu ya magunia ya mahindi panya hupanda, hutafuna kitambaa cha ndani na kujenga humo. Unyevu wa nafaka huingia kwenye mbao, mfuniko ukajikunja, na siku ya siku hauzibi. Likigusa sakafu ya udongo, mchwa huanza chini msikokuona. Kama litabaki kwenu, liwekeni juu ya matofali, mbali na ukuta kiasi cha kiganja, lifunikwe kwa shuka nzee wala si karatasi ya nailoni, na mfuniko ulegezwe hewa ipite. Skrubu ziwekwe kwenye chupa yenye mafuta kidogo, ifungwe kwa kamba kwenye mshikio.

Lakini ushauri wetu hasa ni liondoke. Mama anaishi na mume aliye hai na hapaswi kupita kando ya jeneza lake akienda kuchota unga. Mrudishieni fundi alitunze. Mlipeni kitu kidogo cha kuhifadhi na mwandikiane risiti yenye jina la mzee, aina ya mbao, vipimo, na sharti kwamba haliuzwi kwa mwingine. Sharti hilo lisisahauliwe; fundi aliyepata mteja wa haraka usiku huahidi kutengeneza jingine kesho.

Mkiwa huko, pimeni upya. Mgonjwa wa moyo huvimba, na jeneza lililochongwa siku amepungua huenda likambana. Upana wa ndani mabegani uzidi upana wa mabega yake kwa inchi nne hivi, na urefu wa ndani uzidi kimo chake kwa nne pia, kwa kuwa akilala chali nyayo hunyooka. Kisha andikeni kipimo cha nje, mishikio ikiwemo, na hicho ndicho wapewe wachimbaji. Wachimbaji wengi huchimba futi saba kwa tatu kwa mazoea. Jeneza lenye mishikio ya chuma iliyotokeza hukwama katikati ya kaburi mbele ya waombolezaji, linapandishwa, vijana wanaruka ndani kuchonga ukuta wakati wimbo unaendelea. Kaburi lizidi kipimo cha nje kwa inchi sita kila upande, na msifanye mchezo na hilo.

Pesa za binamu. Zile zilitolewa kwa mazishi ya mtu ambaye hajafa, na kila siku zinapokaa kwenye simu ya mtu mmoja zinazidi kuwa hatari kwake na kwenu. Mwombeni atoe taarifa ya M-Pesa ya michango yote, aiweke kikundini. Kila aliyechanga aulizwe ataka nini: arudishiwe, au mchango wake uende kwa matibabu ya mzee. Wengi watasema matibabu. Zihamishiwe akaunti yenye watia sahihi wawili, mmoja wa kila nyumba, kisha kikundi kile kifungwe. Msikibadilishe jina tu. Mzee ameshaliona lile la kwanza. Binamu msimfukuze, aliogopa kupatwa na msiba bila senti, na watu wa namna hiyo hufaa sana wakipewa kazi yenye mipaka. Mpeni kazi ya kujua bei: gari la maiti, ada ya mochari kwa siku, hema, viti, chakula cha fahali mmoja. Akilete kiwango cha juu kabisa, mzee akiandike kwenye ukurasa wake, naye atakuwa amelitimiza neno lake la kutolisha watu kwa mkopo.

Baada ya kifo, mtu yeyote asiingie M-Pesa wala benki ya mzee kwa namba ya siri anayoijua, hata kama ni kulipia hema. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakifanya kuwa kosa kujiingiza kwenye mali ya marehemu bila idhini, na faini yake hufika shilingi 10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Njia ni cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote wa nyumba zote mbili, ombi mahakamani, tangazo la siku 30 kwenye gazeti rasmi la serikali, na kuthibitishwa kwa hati baada ya miezi sita. Barua ya chifu ikiacha jina hata moja la nyumba ya kwanza, mambo yote yatarudi mwanzo. Kama mzee ataandika wosia, kwa maandishi unahitaji mashahidi wawili wanaomwona akitia sahihi, na anayerithi asiwe shahidi. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili unafaa tu akifariki ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo msiutegemee.

Umeuliza kama ni utovu wa adabu. Mzee alikuita wewe na mama akasema mwenyewe. Ameshakupa ruhusa. Keti naye asubuhi, wakati pumzi bado ni nyepesi, mama akiwepo au akijua, na usiulize yote siku moja. Mwulize anaogopa nini: wazee wengi wenye ugonjwa wa moyo huogopa kukosa pumzi kuliko kufa, na hilo lina tiba. Mwambieni daktari awaelekeze kwenye tiba shufaa, ambayo hupunguza kuhema na maumivu nyumbani, na haina maana kwamba mmekata tamaa. Mwulize kama angetaka kurudishwa hospitali kila mara maji yanapojaa, au ifike wakati aachwe kwenye kitanda chake. Hilo nalo liandikwe na daktari alijue. Mwulize nyimbo, na nani asome wasifu, na ikiwa kuna kitu katika maisha yake asichotaka kisomwe. Mwulize anadaiwa na nani na yeye anamdai nani, hasa madeni ya mdomo ya mbegu, ng'ombe na ada za shule za watoto wa watu, kwa sababu kwenye mazishi watatokea wadai msiowajua na mtahitaji daftari lenye mwandiko wake. Na umwulize kuhusu mke wake wa kwanza, alikuwa mtu wa namna gani. Kaka yako atataka kujua baba alisema nini juu ya mama yake, na wewe ndiye utakayekuwepo kumwambia.